Joseph Haydn, Fundi wa Kinanda

Joseph Haydn alizaliwa tarehe 31 Machi 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, na mama yake alikuwa amefanya kazi ya upishi katika nyumba ya bwana mkubwa. Jioni, kazi ilipokwisha, baba alipiga kinubi, ingawa hakujua kusoma noti, na watu wa nyumbani wakaimba.

Alipopata umri wa miaka sita hivi, jamaa yao mmoja, aliyekuwa mwalimu, alimchukua mpaka mji wa Hainburg. Huko Haydn alionja njaa na fimbo, lakini alijifunza kuimba na kupiga kinanda. Mwaka 1740 akapelekwa Vienna, kuimba katika kanisa kubwa la Mtakatifu Stefano. Hata sauti yake ya kitoto ilipovunjika, akaondolewa, hana fedha wala makao. Akapata chumba kidogo chini ya paa, na ndani yake kinanda kikuukuu kilicholiwa na wadudu. Aliwafundisha watoto wa watu apate chakula, na saa zilizobaki alijifundisha mwenyewe kutunga nyimbo.

Mwaka 1761 aliingia katika kazi ya ukoo tajiri wa Esterházy, akawa msimamizi wa wapigaji wao. Mwaka 1772 mkuu wa ukoo huo alikaa sana katika jumba lake la shamba, na wapigaji hawakupata ruhusa ya kurudi kwa wake zao na watoto. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita waliotoka mbali wajua uzito wa jambo hili. Haydn hakunung'unika. Alitunga muziki ambao mwishoni mwake kila mpigaji alinyamaza kwa zamu yake, akazima mshumaa wake, akatoka, mpaka wakabaki wawili tu. Mkuu alifahamu maana yake, akatoa ruhusa.

Haydn alipenda mzaha usiomwumiza mtu. Alipokuwa London, mwaka 1794 au 1795, alimtungia mpigaji hodari, Therese Jansen, muziki wa piano wenye sehemu tatu. Sehemu ya mwisho ni fupi, haizidi dakika chache. Wimbo waanza kwa furaha, kisha wakanyaga sauti isiyotazamiwa, wasimama ghafula, kama mtu aliyepotea njia. Kimya. Halafu waanza tena kana kwamba hapakuwa na kosa lo lote.

Ugumu wa muziki huo haumo katika vidole peke yake, bali katika kungoja. Mpigaji akikiharakisha kile kimya, watu hawatambui mzaha. Akikirefusha mno, wachoka. Yampasa kuhesabu mapigo moyoni, mikono imetulia, asicheke yeye kwanza. Tena ni lazima zile sehemu nyingine azipige kwa mwendo ulio sawa, maana mwendo usipokuwa imara, hakuna atakayejua kwamba umesimama. Mtoto wa Shinyanga aliyetazama ngoma za Bagalu na Bagika zikishindana hatalishangaa jambo hili. Ajua jinsi mguu unavyobaki hewani mpiga ngoma anapozuia mkono wake.

Mwezi wa Mei 1809 majeshi ya Wafaransa yaliipiga Vienna kwa mizinga na kuiteka. Haydn alikuwa mzee wa miaka 77, amedhoofika. Hata hivyo alisogezwa penye kinanda chake, akaupiga wimbo alioitungia nchi yake mwaka 1797. Akafa tarehe 31 ya mwezi huo.

Alianza kwa kinanda kibovu, akaishia kusikiwa katika Ulaya nzima. Shida alizipata nyingi, wala hazikumwondolea uchangamfu. Na watu wengi wapigao piano hata leo hujifunza kwake kwamba kunyamaza kwa wakati wake ni sehemu ya wimbo.