Ibn al-Haytham na Chumba cha Giza

Tutembeleapo shule za Ufipa wakati wa mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunaona somo la nuru likiishia ubaoni. Mwalimu huchora miali, mwanafunzi hunakili, na udhuru ni ule ule: hakuna maabara. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyeichunguza nuru kwa taa, ukuta na tundu.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchini Iraq, yapata mwaka 965. Wanahistoria wa kale husimulia kwamba alidai angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, na Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita Kairo. Alipofika karibu na Aswan na kupaona mahali penyewe, alitambua kuwa kazi hiyo haiwezekani. Kwa kuhofia ghadhabu ya mtawala alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi utawala huo ulipokoma mwaka 1021. Baadaye alijipatia riziki kwa kunakili vitabu. Alifariki yapata mwaka 1040.

Kabla yake, Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho ndilo litoalo miali. Yeye alitoa hoja kuwa jicho huumia likitazama jua. Basi nuru huingia jichoni. Wala hakutosheka na hoja. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, na ukutani ndani yakatokea madoa ya nuru, moja kwa kila taa. Taa moja ilipozibwa, doa lake tu lilitoweka. Miali ilikuwa imepita katika tundu moja bila kuchanganyika.

Jaribio hilo lawezekana katika darasa lolote la Sumbawanga. Mablanketi tunayojifunika kwa baridi ya uwanda huu yazibe madirisha. Mishumaa mitatu ipangwe safu moja, mbali na mablanketi. Mbele yake iwekwe kadibodi yenye tundu, na nyuma ya kadibodi karatasi nyeupe. Kabla ya kuziba mshumaa wa kushoto, kila mwanafunzi aandike ni doa lipi litakalotoweka. Wengi wataandika la kushoto, kumbe litatoweka la kulia, kwa kuwa miali iliyonyooka hupishana tunduni.

Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wabishane, wazibe mshumaa mwingine, wajaribu tena. Mwanafunzi aliyekosea kisha akajisahihisha kwa macho yake hahitaji kukaririshwa.