Maisha ya Mohamed Husen, Mchezaji wa Sinema

Ukitaja habari za sinema hapa Themi, wazee watakutajia picha iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ambamo John Wayne anawafukuza wanyama kwa gari katika mbuga zetu. Ni kweli, na sisi watu wa Arusha twajivunia jambo hilo. Lakini wachezaji wakubwa wa picha ile walikuwa wageni. Mimi nataka kuwaeleza ninyi wasomaji wa gazeti letu habari za mchezaji aliyezaliwa katika nchi hii hii, akacheza katika picha zaidi ya 20 huko Ujerumani kabla Hatari! haijafikiriwa, na ambaye siku hizi anajulikana Berlin kuliko anavyojulikana kwao.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari, 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa Wajerumani aliyepata cheo cha efendi, nacho ndicho cheo cha juu ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi lile. Askari wa namna yake ndio waliolinda maboma kama lile la mjini kwetu, ambalo sasa ni makumbusho. Mtoto akasomeshwa, akajua Kijerumani vizuri, na akiwa bado mdogo sana akafanya kazi ya ukarani huko Lindi. Vita vilipoanza mwaka 1914 akaingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 10! Hesabu mwenyewe, msomaji, mdogo wako wa miaka 10 anasoma darasa la ngapi. Mwezi wa Oktoba 1917, katika mapigano makali ya Mahiwa upande wa kusini, akajeruhiwa na kuchukuliwa mateka na Waingereza.

Vita vilipokwisha akawa mtumishi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin. Hakwenda kutafuta sinema, alikwenda kudai deni. Serikali ya Ujerumani ilikuwa haijamlipa mshahara wake wa askari, wala wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa mno, haki hiyo imepita. Basi akabaki kule kule bila fedha aliyoifuata. Akapata kazi ya kuandaa meza katika Haus Vaterland, nyumba kubwa ya starehe yenye vyumba vilivyopambwa kwa mitindo ya nchi mbalimbali. Tena akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, kwa malipo madogo, chini ya maprofesa waliopata sifa kwa kuzijua lugha zetu. Tarehe 27 Januari, 1933, akamwoa mwanamke wa Kijerumani, Maria Schwandner. Siku 3 baadaye Hitler akashika serikali.

Picha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1934, ikieleza vita vya Afrika Mashariki, vita vile vile alivyovipigana kweli. Tangu hapo hata mwaka 1941 wenye kutengeneza picha walimwita kila walipohitaji Mwafrika wa kufungua mlango, kuchukua sinia, kubeba mzigo au kusimama nyuma ya bwana. Alionekana pia katika picha moja mashuhuri ya mwaka 1937, pamoja na Zarah Leander, mwimbaji wa Kiswidi aliyependwa sana siku zile. Mara nyingi hakupewa neno la kusema, na alipopewa yalikuwa maneno machache. Wanazi walikuwa wakiwachukia watu weusi, lakini walitamani kurudishiwa makoloni yao, na kwa ajili ya tamaa hiyo walihitaji kuwaonyesha watu wao mtumishi mweusi mwaminifu. Husen aliwafaa.

Wako wanafunzi wenzangu waliosikia habari hizi wakamwita kibaraka. Husema kwamba alivaa sare ya askari katika mikutano ya Wajerumani waliodai makoloni, na hilo ni kweli. Aliomba apewe nishani ya wapiganaji wa vita, akakataliwa, akainunua dukani akaivaa. Lakini mimi siafiki kumhukumu upesi. Mwaka 1935 alifukuzwa kazi katika Haus Vaterland, kwa kuwa wenzake walimshitaki. Mtu mweusi hakuwa na kazi nyingi za kuchagua Berlin, naye alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Sinema ililipa. Tena naona kwamba sare ile na nishani ile yalikuwa ni lile lile deni la 1929. Alitaka Wajerumani wakiri kwamba aliwatumikia. Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza akaomba kuingia tena katika jeshi lao. Wakamkataa.

Picha yake kubwa kuliko zote ndiyo iliyonisumbua mimi. Ilitoka mwaka 1941 nayo iliitwa Carl Peters. Kila aliyesoma historia analijua jina hilo. Ndiye aliyewatia machifu wa Usagara na jirani zao katika mikataba ya hila mwaka 1884. Tena ndiye aliyewekwa kuwa mkubwa wa serikali huko Kilimanjaro mwaka 1891, mlima tunaouona kutoka huku asubuhi isiyo na mawingu. Huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na baadaye akamnyonga msichana aliyeitwa Jagodja. Watu wakamwita Mkono wa Damu. Hata Wajerumani wenyewe walimwondoa kazini mwaka 1897. Ndiye huyo Wanazi waliyetaka kumfanya shujaa. Hans Albers, mchezaji mashuhuri, akawa Peters, na Husen akawa Ramasan, mwongozaji wake na mfasiri. Waafrika waliokuwa mateka wa vita wakaletwa kujaza makundi ya watu. Basi mtoto wa Dar es Salaam akasimama mbele ya kamera kando ya mnyongaji wa Kilimanjaro, akiwa rafiki yake mwaminifu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote alizopata kuzicheza maishani.

Hakupata nyingine. Alishitakiwa kwamba ana urafiki na mwanamke mweupe asiye mkewe, nalo hilo kwa Wanazi lilikuwa kosa la kuchafua damu yao. Mwezi wa Agosti 1941 polisi wa siri, yaani Gestapo, wakamkamata. Hakupelekwa mahakamani, wala hakuhukumiwa miaka. Walimpeleka katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akakaa humo miaka 3 na zaidi. Akafa tarehe 24 Novemba, 1944.

Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba mbele ya nyumba namba 193 katika mtaa wa Brunnenstraße, alikokaa Berlin, lenye jina lake. Mwaka 2013 mwanamke wa Kijerumani, Eva Knopf, akatengeneza picha juu ya maisha yake. Alizipitia sinema zile za zamani, akatafuta kila mahali Husen alipoonekana nyuma ya wakubwa, na vipande hivyo akaviunganisha, ili mara hii watazamaji wamtazame yeye.