Samuel Ajayi Crowther: mtoto aliyeomba nusu peni ili ajifunze kusoma

Wengi wetu hapa Mashariki tumeanza kujifunza Kiingereza zaidi ya mara moja. Tunanunua daftari, tunaandika maneno siku tatu au nne, kisha daftari linabaki chini ya kitanda. Tunasema hatuna mwalimu, hatuna pesa, umri umepita, vita imetuvuruga. Leo tumkumbuke Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Yeye alianza akiwa na pungufu kuliko sisi.

Alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Nyumbani aliitwa Ajayi. Mwaka 1821 wavamizi waliteketeza mji wao. Ajayi alikamatwa pamoja na mama yake na ndugu zake wadogo, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa, akauzwa tena, mpaka akafika mikononi mwa Wareno waliompakia katika merikebu ya watumwa.

Mwezi wa nne mwaka 1822 merikebu ya kivita ya Uingereza iliikamata ile ya watumwa. Ajayi na wenzake wakahamishiwa kwa Waingereza. Kule juu watoto waliona nyama ya nguruwe imetundikwa na risasi kubwa za mizinga zimepangwa. Wakadhani ni nyama ya watu na vichwa vya watu. Walikuwa wameokolewa, lakini hawakujua, kwa maana hapakuwa na lugha ya kuwaambia. Mtu asiyeelewa lugha anaweza kumwogopa hata yule aliyekuja kumfungua.

Walishushwa Freetown, Sierra Leone, na Ajayi akapelekwa katika kijiji cha Bathurst, mahali pa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Huko wamisionari walifundisha watoto kusoma Kiingereza. Siku ya kwanza, masomo yalipokwisha, Ajayi hakungoja kesho. Alikwenda mjini kwa watu wa kabila lake, akaomba nusu peni, akanunua kadi ya alfabeti iwe yake mwenyewe. Sasa hata nje ya darasa alikuwa na kitu cha kutazama na kukariri.

Baada ya miezi sita hivi aliweza kusoma Agano Jipya bila shida kubwa. Basi akawekwa kuwa msaidizi wa mwalimu, kwa malipo ya peni saba na nusu kwa mwezi. Tuone vizuri jambo hili. Alijifunza kidogo, na kile kidogo akaanza kuwafundisha wenzake. Anayefundisha hawezi kukaa siku nyingi bila kurudia aliyojifunza. Wakati huohuo alijifunza pia kazi ya useremala, kwa hiyo siku yake haikuwa ya kitabu tu. Mikono ilikuwa na kazi yake, na kitabu kilikuwa na saa yake.

Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akapewa jina la Samuel Crowther. Mwaka 1827 alikuwa kati ya wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay, na baadaye akafundisha hapohapo. Mwaka 1841 alisafiri na Waingereza katika mto Niger, na mwaka 1843 akawekewa mikono London kuwa mchungaji.

Lakini Kiingereza hakikumfanya aidharau lugha ya mama yake. Mwaka huo wa 1843 kilichapwa kitabu chake cha msamiati wa Kiyoruba. Mwaka 1846 alifika Abeokuta kuhubiri Injili, na huko, baada ya miaka 25, akakutana tena na mama yake, Afala. Kwa mama huyo Kiingereza kingefaa nini? Walizungumza katika lugha ile waliyoachana nayo siku ya msiba. Mwaka 1848 mama akabatizwa.

Ile desturi ya utoto Crowther aliendelea nayo, ila sasa kwa ajili ya Kiyoruba. Alikaa na wazee, akasikiliza mazungumzo yao, na kila neno lenye uzito au methali aliyoisikia akaiandika. Maandishi hayo yalimsaidia kutafsiri Biblia. Barua kwa Warumi ilichapwa mwaka 1850, na vitabu vingine vikafuata. Mwaka 1862 nyumba yake iliungua, na maandishi ya miaka 11 yakawa majivu. Alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50. Hakuacha kazi. Biblia nzima ya Kiyoruba, aliyoifanya pamoja na wenzake, ilikamilika katika miaka ya 1880.

Mwaka 1864 aliwekwa kuwa askofu katika kanisa kuu la Canterbury. Hata hivyo, tusidhani kwamba lugha inaondoa kila taabu. Karibu na mwisho wa maisha yake, wamisionari vijana kutoka Uingereza waliidharau kazi yake ya Niger na kumwondolea mamlaka. Kiingereza chake kizuri hakikumkinga. Alikufa Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Kazi yake ilibaki, kwa kuwa watu wake walikuwa na Neno la Mungu katika lugha yao.

Ndugu kijana, dada, mama wa sokoni, usingoje siku utakapokuwa na saa tatu za masomo. Chagua sura moja ya Agano Jipya ambayo tayari unaijua kwa Kiswahili. Isome kwa Kiingereza, mistari mitano tu, asubuhi kabla ya kazi. Andika maneno mawili kwenye karatasi na utembee nayo. Jioni mfundishe mtoto wako au jirani maneno hayo mawili. Kesho fanya vilevile. Ukikosa siku moja, usihesabu kuwa umeshindwa. Anza tena siku inayofuata, kama mzee Crowther alivyoanza tena baada ya moto.