Siti binti Saad: Sauti Iliyoingia Bila Kubisha Hodi

Siku hizi mwenye uwezo huweka nyumbani priamplifaya ya bei kubwa, chombo cha kuikuza sauti hafifu ya santuri kabla haijafika kwenye spika. Akiweka santuri kongwe ya pwani, huenda anayemsikiliza ni marehemu Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani. Alifinyanga vyungu na kwenda kuvichuuza mjini kwa miguu. Alipoanza kusifika kwa uimbaji, mahasidi walimkebehi kwa asili yake na sura yake. Naye akawajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay pamoja na wapigaji wake, akiwamo Mbaruk Effandi Talsam, kipofu wa hapa kwetu Mombasa. Santuri zao zilienea pwani nzima. Gramafoni za siku hizo hazikutaka umeme. Zilitiwa ufunguo kwa mkono, na kila upande wa santuri ulichukua kama dakika tatu.

Hapo mchuuzi wa vyungu akaingia hata katika majumba ambayo miguu yake isingekaribishwa. Mwanamke aliyekaa ndani, asiyekwenda ngomani, alimsikia nyuma ya mlango wake. Katika wimbo wa Kijiti, Siti alisimulia kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na mashahidi ndio wakafungwa.

Alifariki Julai 1950. Chombo ghali hakimwongezei Siti kitu. Hutusikilizisha tu alichojaaliwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.