Ernst Ising: kosa lililozaa elimu

Aghalabu tunapowasimulia wanafunzi habari za wanasayansi, huwachagua washindi pekee. Mimi naamini kwamba darasa lingefaidika zaidi na maisha ya Ernst Ising, ambaye jina lake hutajwa na wanafizikia kote duniani, ilhali yeye mwenyewe aliishi na kufa akiwa mwalimu wa kawaida.

Ising alizaliwa Köln, Ujerumani, mwaka wa 1900. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamifu huko Hamburg, mwalimu wake, Wilhelm Lenz, alimpa swali lililoonekana jepesi. Chuma kikipashwa joto kupita nyuzi 770 hivi za Selsiasi, hakiwezi tena kuwa sumaku. Kwa nini pawepo mpaka dhahiri namna hiyo? Lenz alipendekeza kila atomi ifikiriwe kuwa mshale mdogo unaoelekea juu au chini. Kila mshale huvutwa ufuate jirani zake, nalo joto huivuruga yote.

Ising aliipanga mishale hiyo katika mstari mmoja. Katika tasnifu yake ya mwaka wa 1924 alithibitisha kwamba mstari huo hauwi sumaku kamwe, hata joto likiwa dogo kiasi gani. Sababu ni kwamba mstari, uwe mrefu vipi, hukatika kwa nguvu ile ile ndogo. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Kisha akahitimisha kwamba hata mishale ikipangwa kama mchemraba mambo yatakuwa yale yale. Hapo alikosea.

Mwaka wa 1936 Rudolf Peierls alionyesha kwamba mishale ikitandazwa kama vitu vya ubao wa sataranji, hushikamana joto likiwa dogo, kwani anayetaka kuligeuza kundi kubwa hana budi kuuvunja mpaka wake wote. Mwaka wa 1944 Lars Onsager alikokotoa barabara mabadiliko hayo ya ubao. Ama mchemraba wenyewe, hadi leo hakuna aliyepata kanuni yake kamili. Kompyuta hutupa makadirio tu, ingawa ni makadirio mazuri mno.

Je, Ising alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa ameacha utafiti na kushika chaki. Mwaka wa 1933 Wanazi walimfukuza kazi kwa kuwa alikuwa Myahudi. Akafundisha katika shule ya bweni ya watoto wa Kiyahudi huko Caputh, karibu na Potsdam, hadi ilipovamiwa na kuharibiwa Novemba 1938. Mwaka uliofuata alikimbilia Luxembourg pamoja na mkewe, Johanna. Wajerumani wakaivamia nchi hiyo mwaka wa 1940, naye akalazimishwa kung'oa reli kwa ajili ya jeshi lao. Mwaka wa 1947 alihamia Marekani, na tangu 1948 hadi 1976 alifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Bradley, Peoria. Ni huko Marekani alikotambua kwamba tasnifu yake ya ujanani ilikuwa imepata umaarufu. Hakurudi kuudai. Aliendelea kufundisha, akafariki Mei 1998 akiwa na umri wa miaka 98.

Naeleza haya kwa sababu walimu wengi tungali tunahukumu jibu la mwisho pekee. Kwa kipimo hicho, Ising angepewa sufuri. Lakini alikuwa ameweka hatua zake wazi, hivi kwamba waliomfuata waliweza kuona alipokuwa sahihi na alipopotoka. Wazo lile lile la mishale na majirani limechangia hata mitandao ya kompyuta iliyowapatia John Hopfield na Geoffrey Hinton Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2024.

Basi mwalimu mwenzangu, kabla hujachora mkasi mwekundu juu ya ukurasa mzima, soma hatua za mwanafunzi, umpe haki ya kila iliyo sahihi. Nawe mwanafunzi, usizifiche hatua zako kwa kuogopa kukosea.