Gama: Mfupi Aliyekataliwa London

Kwetu Afrika Mashariki ukimtaja Mpunjabi, wengi wanamfikiria Kalasinga na kilemba chake, fundi wa magari au mbao. Si ajabu, maana kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, wakajenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Leo nataka niwasimulie habari za Mpunjabi mwingine wa enzi hizo hizo. Huyu hakupigilia reli. Kazi yake ilikuwa kubwaga watu chini, na alikuwa Mwislamu, si Kalasinga. Jina lake Ghulam Muhammad, lakini dunia ilimjua kama Gama.

Alizaliwa 1878 katika wilaya ya Amritsar, kwenye ukoo wa wanamieleka wenye asili ya Kashmir. Baba yake alifariki Gama akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na babu na baadaye mjomba, wote watu wa mieleka. Kule mieleka ilipigwa kwenye uwanja wa udongo uliolainishwa, na mwanamieleka mzuri aliwekwa na mfalme: analishwa, analipwa, anampa mfalme wake sifa. Mwaka 1888 mfalme wa Jodhpur aliita wanamieleka kama 400 washindane kuchuchumaa na kusimama. Mtoto wa miaka 10 akabaki katika 15 wa mwisho. Mfalme akamtangaza yeye mshindi.

Mazoezi yake si mchezo. Inasimuliwa kwamba kila siku alichuchumaa mara 5,000 na kupiga pushapu 3,000, halafu anakunywa maziwa kwa lita na lozi zilizosagwa. Pia lipo jiwe Baroda ambalo watu husema aliliinua mwaka 1902, lina kilo 1,200. Hapa mimi kama mtu wa uhandisi inabidi niseme ukweli wangu: hadi leo, mtu mwenye nguvu kuliko wote amenyanyua chuma cha kilo 500 na kidogo juu yake. Kulisukuma au kuliinua upande mmoja sawa, kulibeba lote sikubali. Lakini jamani, Gama hahitaji kuongezewa chumvi. Yaliyoandikwa na wazungu wenyewe yanatosha.

Alipokuwa na miaka 17 alipambana na Rahim Bakhsh Sultaniwala, bingwa mwenye urefu wa karibu futi 7. Gama alikuwa futi 5 na inchi 7 tu. Watu walikuja kuona mtoto akivunjwa, wakaondoka wameona sare. Kuanzia hapo India yote ikamjua.

Mwaka 1910 promota mmoja Mwingereza, R. B. Benjamin, alimpeleka London pamoja na mdogo wake Imam Bakhsh. Mabingwa wa dunia walikuwa wamekusanyika huko. Gama kufika, akaambiwa hafai: mfupi mno kuingia mashindanoni. Fikiria umesafiri kwa meli wiki kadhaa, halafu unakataliwa kwa futikamba kabla hujashikana na mtu hata mmoja. Sisi tuliokwisha kupanga foleni kwenye madirisha ya ofisi za ugenini tunaijua hali hiyo. Unapimwa kwa karatasi, hakuna anayeuliza unaweza nini.

Hakurudi nyumbani kulalamika. Ilitangazwa kwamba Gama atawabwaga wanamieleka watatu wowote, wa uzito wowote, ndani ya dakika 30. Mwanzoni watu wakadhani ni maneno ya biashara. Agosti akajitokeza Mmarekani Benjamin Roller, daktari kwa taaluma. Gama alimlaza mara ya kwanza kwa dakika 1 na sekunde 40, mara ya pili kwa dakika 9 na kitu. Milango ikafunguka.

Mkumbuke mwaka wenyewe. Julai 1910 Jack Johnson, mtu mweusi, alimpiga bondia mzungu Jeffries kule Reno, na ghasia zikazuka miji mingi ya Marekani. Sasa anakuja raia wa koloni kuwataka wazungu ulingoni katikati ya London yenyewe. Halikuwa jambo la michezo peke yake.

Tarehe 10 Septemba, katika uwanja wa White City uliojengwa kwa Olimpiki ya 1908, Gama alikutana na Stanislaus Zbyszko wa Poland, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Ulaya, aliyemzidi uzito kwa kilo zaidi ya 20. Zawadi ilikuwa pauni 250 na mkanda wa John Bull. Mara Zbyszko akaenda chini, akalala kifudifudi kwenye mkeka na kuukumbatia. Kitu kizito, kipana, kilichojibana na ardhi, ni kigumu mno kukipindua. Gama alivuta, akasukuma, akazunguka, muda wa saa 2 na dakika 35. Sare. Marudiano yakapangwa Septemba 17. Siku ikafika, Gama akafika, Zbyszko akaingia mitini. Mkanda na pesa akapewa Gama.

Kurudi India akamshinda Rahim Bakhsh huko Allahabad, akawa bingwa wa India nzima. Naye Zbyszko baadaye alipata kuwa bingwa wa dunia Marekani, ila deni la London lilikuwa halijalipwa. Mwaka 1928 mfalme wa Patiala akawakutanisha tena, wote wazee wa karibu miaka 50. Watu walijaa. Safari hii hapakuwa na mkeka wa kukumbatia. Haikufika dakika moja, Zbyszko yuko chali.

Lakini mimi nampenda zaidi Gama wa 1947. India ilipogawanywa, Punjab ikapasuliwa katikati na majirani wakachinjana. Gama alikuwa Lahore, upande wa Pakistan. Inasimuliwa kuwa kundi la watu lilipokuja mtaani kwake kuwashambulia Wahindu, mzee huyu wa karibu miaka 70 alisimama mbele yao pamoja na vijana wake, wakarudi nyuma. Halafu akawasindikiza majirani mpaka mpakani, akawapa na chakula cha njiani.

Wafalme waliokuwa wakimlisha hawakuwepo tena. Miaka ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa na upungufu wa fedha, na mmoja wa waliomtumia msaada kila mwezi alikuwa tajiri wa Kihindu kutoka ng'ambo ya mpaka, G. D. Birla. Alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960. Mjukuu wake, Kulsoom Nawaz, aliolewa na Nawaz Sharif aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Pakistan.

Kwetu tunasema wembamba wa reli, treni inapita. Ukikataliwa mlangoni, wanajumuiya wenzangu, mkumbuke mfupi huyu wa White City. Na siku ukiwa na nguvu, mkumbuke pia yule mzee wa Lahore na namna alivyozitumia zake.