Hassanali Adamjee Jariwalla, Aliyeifungulia Zanzibar Jumba la Sinema

Katika kuadhimisha mwaka huu wa hekalu letu, tumeona ni vyema kumkumbuka mtu ambaye hakuwa wa dini yetu, wala hakupata kuishi Sumbawanga, lakini maisha yake yana funzo kubwa kwa kila anayejenga nyumba ya watu wengi. Mtu huyo ni marehemu Hassanali Adamjee Jariwalla wa Zanzibar, Mwislamu mwenye asili ya Gujarati.

Wazee wetu wangelitambua jina lake mara moja. Jari ni uzi wa dhahabu na fedha unaotiwa katika nguo za harusi, na mji wa Surat umesifika kwa kazi hiyo tangu zamani. Lakini Jariwalla huyu hakukumbukwa kwa nguo, bali kwa picha zinazotembea.

Alianza kwa unyonge. Ukumbi wake wa awali ulikuwa banda tu, na watu wakauita Sinema ya Bati. Wengine wangeridhika hapo, kwa kuwa banda halina gharama na faida yake ni ya haraka. Yeye aliona kwamba mtu anayelipa senti zake za jasho anastahili pahali pa heshima. Mwaka 1921, katika enzi ya Sultan Khalifa bin Harub, likafunguliwa jumba lake la Royal huko Vuga. Michoro ilikuwa ya John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyesanifu pia majengo mengine ya fahari mjini Unguja, likiwemo Beit el Amani.

Sisi wafanyabiashara tunajua uzito wa uamuzi kama huo. Fedha iliyokwisha kuingia katika mawe na chokaa hairudi dukani. Ukumbi ukikaa mtupu, hauwezi kuuzwa kwa kilo kama mahindi. Aliyejenga Royal aliweka amana yake kwa watu wa mji: kwamba watakuja, na kesho watarudi.

Nao walikuja. Picha za siku zile hazikuwa na sauti, hivyo Mgujarati, Mwarabu, Mngazija na Mswahili walizielewa sawasawa. Tofauti ya viti ilikuwa bei ya tiketi. Katika nchi nyingine za Afrika zilizotawaliwa na wazungu, kama Afrika Kusini, sheria na desturi zilitenga kumbi kwa rangi ya mtu. Zanzibar na Tanganyika zilifuata njia nyingine, na wenye majumba ya sinema, wengi wao wenye asili ya Kihindi, walipokea watu wa kila kabila chini ya paa moja. India ilipotoa filamu yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, mwaka 1931, watazamaji wa pwani walikuwa tayari wamekwisha kuzoea kukaa pamoja. Kwa njia hiyo nyimbo za Kihindi zikaingia vinywani mwa watu ambao hawakujua Kihindi hata neno.

Jumba la Royal baadaye liliitwa Majestic. Likateketea kwa moto, na mwaka 1955 likasimama jipya kwa michoro ya Dayalji Pitamber Sachania. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema ya Zanzibar yakawa mali ya serikali. Miaka ilipopita watazamaji wakapungua, Majestic ikafungwa, na paa lake likaharibika. Jengo halifi kwa uzee peke yake. Hufa pale ambapo hakuna tena anayejiona kuwa mwenyewe.

Hapo ndipo funzo letu lilipo. Sisi tuliorithi hekalu katika nyanda hizi za juu za Ufipa ni wachache, na watoto wetu wengi wako mbali. Mabati, mifereji na rangi havitajitengeneza. Wala kuta hazitadumu ikiwa zitajulikana na sisi peke yetu. Jirani Mfipa anayekuja kuona taa za Diwali na kuondoka na sahani ya vitamu naye ni mlinzi wa nyumba hii.

Basi tutoe michango ya ukarabati kwa wakati, na tuache lango wazi siku za sikukuu. Kizuri kula na nduguyo. Mzee Jariwalla alilijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, na awabariki wanajumuiya pamoja na majirani wetu wote.